Kompyuta ndogo kuongoza tanuri la umeme la kilowati 6: je, inaaminika kuachiwa usiku?

MfinyanziMoro ameuliza:

Habari zenu wana jukwaa. Karakana yetu hapa Morogoro ina tanuri la umeme la kilowati 6, la fezi moja na volti 230, ambalo tulilinunua likiwa limeshatumika. Hadi leo linaendeshwa kwa swichi ya ngazi tatu pamoja na kizimio cha zamani kinachoshikiliwa na koni ndogo ya udongo maalumu, ambayo ikilainika na kupinda huachia wenzo na kukata umeme. Kizimio hicho kinajua kuzima tu. Hakiwezi kupandisha joto polepole wala kulishikilia mahali pamoja, hivyo mtu hulazimika kukaa karibu na tanuri tangu alfajiri akigeuza swichi, na hata hivyo vyungu vyenye kuta nene hupasuka katika uchomaji wa kwanza, kwa sababu ngazi ya chini yenyewe hupandisha joto haraka mno.

Bei za vidhibiti vya kiwandani zimenishinda. Kijana mmoja mjuzi wa kompyuta amenishauri tutumie Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya bei nafuu), chipu ya MAX31855 ya kusomea joto, thamokapo ya aina ya K (nyaya mbili za metali tofauti zinazohisi joto) na relei ya SSR (swichi ya kielektroniki inayowasha na kuzima umeme wa tanuri), pamoja na programu ya bure inayopatikana mtandaoni. Uchomaji wa kwanza tunaufikisha nyuzi 1000 hivi za Selsiasi, na glezi, yaani ule mpako unaogeuka kioo juu ya chungu, tunaichoma hadi koni 6 (kiwango ambacho koni yenye namba hiyo hupinda). Je, kifaa cha namna hiyo kinaweza kuaminiwa kuongoza tanuri usiku watu wakiwa wamelala? Umeme ukikatika katikati ya kazi kisha ukarudi, hutokea nini? Na je, nyuzi zinazosomeka kwenye skrini zinatosha kuniambia kwamba glezi imeiva?

FundiWaya amejibu:

Ndugu MfinyanziMoro, nitajibu swali la kwanza peke yake, kwa kuwa ndilo linaloweza kuunguza jengo. Kompyuta inaweza kuongoza joto vizuri kuliko mkono wa mtu yeyote, lakini haifai kabisa iwe ndiyo yenye neno la mwisho katika kukata umeme.

Relei ya SSR ikiharibika, mara nyingi huharibika ikiwa imeng'ang'ania kupitisha umeme. Programu itatoa amri ya kuzima, taa ndogo ya relei itazimika, na koili (nyaya za kupasha joto ndani ya tanuri) zitaendelea kuwaka vilevile hadi matofali au koili zenyewe zishindwe. Kwa hiyo mbele ya relei wekeni kontakta, yaani swichi kubwa inayoshikwa na sumaku ya umeme, na sumaku yake ipate umeme kupitia kidhibiti cha pili kinachojitegemea, chenye thamokapo yake, kilichopangwa kukata nyuzi 20 au 30 juu ya kiwango chenu cha mwisho na kubaki kimekata mpaka mtu abonyeze kitufe kwa mkono wake. Swichi ya mlango wa tanuri iwe kwenye njia hiyohiyo, ili mlango ukifunguliwa koili zisiwe na umeme.

Kile kizimio cha koni nakusihi msikiondoe. Kiacheni kwenye njia kuu ya umeme na mkitie koni iliyo ngazi moja juu ya ile mnayochomea. Hakitegemei kompyuta, hakitegemei thamokapo, na mnacho tayari bila gharama yoyote.

Kuhusu relei yenyewe: kilowati 6 kwa volti 230 ni ampea 26. Relei ya namna hii hutoa joto la wati moja au zaidi kwa kila ampea inayopita, kwa hiyo mtakuwa na takriban wati 30 za joto ndani ya kisanduku. Maandishi ya ampea 40 yaliyo juu yake yana maana tu ikiwa imefungwa kwenye bamba la alumini lenye mapezi na hewa inapita. Kisanduku kiwe cha chuma, kiunganishwe na waya wa ardhi, kiwe mbali na ukuta wa tanuri, na nyaya za volti 230 zitengwe na zile za kompyuta. Kazi hiyo afanye fundi umeme mwenye leseni. Huyo kijana abaki na programu.

KarakanaNgong amejibu:

Namuunga mkono Fundi. Mimi nazungumzia thamokapo, kwa kuwa kidhibiti hakijui chochote kuhusu tanuri lako isipokuwa kile thamokapo inachokiambia. Aina ya K hutoa takriban mikrovolti 41 tu kwa kila nyuzi moja ya joto, yaani ishara ndogo sana, ambayo kosa dogo la waya linatosha kuipotosha.

Kosa la kwanza ni kugeuza nyaya. Zikiungwa kinyume, tanuri linapopata moto skrini huonyesha joto likishuka, na kidhibiti kwa kutii kazi yake huongeza umeme wote kilio nao. Rangi zinachanganya: katika mfumo wa Marekani waya mwekundu wa thamokapo ndio hasi, ilhali mafundi wengi wamezoea kuuona mwekundu kuwa chanya. Chukua sumaku ndogo ujaribu nyaya zikiwa baridi, kwani katika aina ya K waya wa hasi hushikwa na sumaku na wa chanya haushikwi. Kosa la pili ni kurefusha thamokapo kwa waya wa kawaida wa shaba. Ikiwa kiungo kilicho karibu na ukuta wa tanuri kina nyuzi 60 na chipu ina nyuzi 30, tofauti hiyo ya nyuzi 30 hupotea katika usomaji, na tanuri litapita kiwango chako bila wewe kujua. Tumia waya wa aina ya K hadi kwenye chipu yenyewe.

Aina ya K ikichomwa mara nyingi kwenye joto la koni 6 huchakaa na usomaji wake huhama taratibu. Aina ya S, yenye platini, hudumu zaidi, ila bei yake ni kubwa. Mkitarajia kuhamia huko siku za usoni, nunueni chipu ya MAX31856, inayokubali aina kadhaa za thamokapo, kwa kuwa kila MAX31855 hutengenezwa kwa aina moja tu.

Kwa swali lako la tatu, jibu ni hapana. Glezi huiva kwa joto pamoja na muda. Koni 6 kubwa ya kampuni ya Orton hupinda kwenye nyuzi 1222 iwapo mwishoni joto lilipanda kwa nyuzi 60 kwa saa, lakini likipanda kwa nyuzi 150 kwa saa huhitaji 1243. Weka koni kwenye kila rafu kila unapochoma, na ikiwa koni na skrini hazipatani, iamini koni. Baada ya kuzilinganisha ndipo urekebishe programu.

Kidhibiti kitakusaidia zaidi pale vyungu vyako vinapopasukia. Shikilia joto chini kidogo ya nyuzi 100 mpaka unyevu utoke, na ukitaka uhakika, sogeza kioo kwenye tundu la kuchungulia uone kama kinapata ukungu. Kisha nenda polepole hadi upite 600, kwani katikati hapo maji yaliyofungamana na udongo hutoka, na kwenye 573 kwatzi, madini yaliyomo ndani ya udongo, hubadilika umbo na kutanuka ghafla.

NjiaMojaKwaMoja amejibu:

Kuhusu kukatika kwa umeme, yote hutegemea namna programu inavyohesabu muda. Programu inayofuata saa ya ukutani itadhani tanuri limechelewa na kulikimbiza kwa nguvu zote, jambo ambalo ni hatari kama vyungu vilikuwa karibu na 573. Chagueni ile inayosimamisha ratiba kila joto halisi linapobaki nyuma, kisha inaendelea kuanzia joto ililolikuta. Kompyuta ipewe betri ndogo, kwani kadi ya kumbukumbu huweza kuharibika umeme ukikatwa ghafla.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawaliangalii. Raspberry Pi inapowaka, pini zake za kupokea na kutoa ishara (GPIO) namba 0 hadi 8 huvutwa juu, yaani huwa na volti, na 9 hadi 27 huvutwa chini, yaani hukaa bila volti. Relei ikiunganishwa na pini ya kundi la kwanza inaweza kuwaka kabla programu haijaanza kabisa. Tumieni pini ya kundi la pili.

Volti nazo ni za kuangaliwa. Nguvu ya koili hufuata mraba wa volti, hivyo volti 230 zikishuka hadi 200 jioni, hubaki na asilimia 76 tu ya nguvu. Tanuri linaweza kukwama njiani, na hakuna programu itakayolisaidia. Koili zenu zinapaswa kuwa na ukinzani wa jumla ya omu 8.8 hivi. Ipimeni na kuiandika, kwa sababu kadiri koili zinavyozeeka omu huongezeka na nguvu hupungua.

MfinyanziMoro ameandika:

Nawashukuru sana. Kontakta na kidhibiti cha pili vimeingia kwenye bajeti, na kizimio kitabaki. Sasa, tukishafunga kila kitu, tuanzie wapi kujaribu?

FundiWaya amejibu:

Anzeni na tanuri tupu, mchana, mkiwa wawili. Likifika nyuzi 200, chomoeni thamokapo ya kompyuta: programu lazima ikate umeme papo hapo na kutoa taarifa ya hitilafu. Irudisheni, kisha zimeni kompyuta kwa ghafla na mpime kwa mita kama koili hazina umeme. Halafu pangeni kidhibiti cha pili kikate kwenye 300, huku ratiba ya kompyuta ikiendelea kupanda, muone kama kontakta inaachia na haishiki tena yenyewe joto linaposhuka. Mwisho fungueni mlango kidogo mkisikiliza mlio wa kontakta. Jaribio lolote kati ya haya likishindwa, msipakie vyungu mpaka sababu ijulikane.