Naomba ushauri: nifungue hotuba ya harusi kwa neno "đồng bào"?

Wakuu, habari za jioni. Dada yangu anaolewa na Mvietnamu mwezi ujao na mimi ndiye msemaji wa upande wetu. Shemeji alinidokeza neno đồng bào, eti ni watu wa tumbo moja. Nikasema hilo hilo, maana hata sisi tuna ndugu wa tumbo moja. Dada hataki, anadai nitachekwa. Asili yake ni nini, na linafaa?

Mtoto wa Bandari:
Mizizi ni ya Kichina: đồng ni moja, bào ni ule mfuko unaomfunika mtoto tumboni. Zamani lilikuwa la ndugu wa baba na mama mmoja tu. Wavietnamu wakalifungamanisha na hadithi yao: Lạc Long Quân wa ukoo wa joka alimwoa Âu Cơ, naye Âu Cơ akazaa mfuko wa mayai 100, wakatoka watoto 100. Ndiyo maana hujiita "con Rồng cháu Tiên", wana wa joka na wajukuu wa mizimu ya milimani (tafsiri yangu, msinipige). Mwanahistoria Ngô Sĩ Liên aliiingiza kwenye historia ya taifa mwaka 1479.

Bibi Kanga:
Mwanangu, umesoma mwisho wake? Wale wawili waliachana! Watoto 50 wakaenda mlimani na mama, 50 baharini na baba. Ndiyo ya kusimulia mbele ya bi harusi?

Nipo Hanoi:
😂 Bibi kamaliza. Halafu neno lenyewe ni la jukwaani. Tarehe 2 Septemba 1945, uwanja wa Ba Đình, kiongozi wao Hồ Chí Minh alikatiza kusoma tangazo la uhuru wa Vietnam akauliza kama đồng bào wanamsikia vizuri. Ni kama "ndugu" yetu ya enzi za Ujamaa. Ukilitumia harusini utadhaniwa unagombea ubunge. Anza na "Kính thưa hai họ", yaani waheshimiwa wa koo zote mbili. Ndivyo wanavyofungua wenyewe.

Mleta uzi:
Shikamoo Bibi, nimenyoosha mikono. Mkuu wa Hanoi, hiyo "họ" natamka kama ho ya kawaida?

Nipo Hanoi:
Hapana! Ishushe na uikate ghafla. Ukiiacha bapa, "ho" ni kukohoa.