Kiharusi: katheta nene ndiyo suluhisho, au tunabishania mdomo wa bomba?

Mwanzisha mada: Wadau, jana kwa mjomba Buruburu ubishi ulitufanya tuache chai ikapoa. Binamu yangu hutengeneza vifaa vya hospitali. Anashikilia kwamba hospitali za Nairobi zinazotoa bonge la damu kwenye ubongo, kwa kupenyeza mrija (katheta) kuanzia kinena na kulifyonza, zinunue katheta nene tu, zile zenye tundu la milimita 2.2. Mimi nasema ni pesa za kutupa. Mwaonaje?

Fundi Bomba, Kariobangi: Binamu hajakosea. Nguvu ya kufyonza hufuata eneo la mdomo wa mrija. Ukitoka milimita 1.5 hadi 2.2, kwa pampu ileile, umepata zaidi ya maradufu. Tena mrija mwembamba humega uchafu, kipande kikaenda kuziba mbele. Nimeyaona kwenye sinki za Eastleigh, sembuse ubongo.

Muuguzi wa Zamu: Fundi, sinki haina kona hizi. Mshipa wa shingoni ukiingia fuvuni hujipinda kama nyoka, na pale unapochipuka mshipa wa jicho ndipo mdomo wa katheta nene hukwama. Lazima mrija mwembamba utangulie ndani yake. Ukivuka hapo, mshipa wenyewe una milimita 2.5 hadi 3 hivi, na matawi ni membamba zaidi. Hiyo ya 2.2, ukijumlisha na unene wa ukuta wake, utaisukuma wapi? Hata stenti za kunasia bonge, vile vijineti vya waya, zina saizi. Kubwa mno huumiza mshipa, ndogo mno haishiki.

Mwanzisha mada: Hapo sasa! Mwaka 2017 utafiti wa ASTER huko Ufaransa ulilinganisha kufyonza na kunasa kwa stenti: mishipa ilifunguka asilimia 85 dhidi ya 83. Mwaka 2025, tafiti za DISTAL na ESCAPE-MeVO zikaonyesha kwamba kwenye mishipa ya kati na midogo, waliotolewa bonge hawakupata nafuu kuliko waliopewa matibabu ya kawaida pekee.

Mwenzenu nina kidonda. Shangazi yangu mdomo ulipinda saa moja asubuhi. Zahanati ya kwanza ikampa tembe za presha, ikamwambia akalale. Siti skani alipigwa saa kumi jioni, na dawa ya kuyeyusha bonge kwa kawaida mwisho wake ni saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Tundu la 2.2 lingemsaidia nini?

Fundi Bomba, Kariobangi: Pole sana, ndugu. Ila kosa la zahanati usimtwike binamu.

Muuguzi wa Zamu: Pole. Lakini umechanganya saa. Hizo 4 na nusu ni za dawa. Kuvuta bonge, tangu utafiti wa DAWN wa 2018, hufanyika hata hadi saa 24 kwa wagonjwa ambao picha inaonyesha ubongo wao mwingi bado uko hai. Shangazi alikuwa saa ya 9 tangu mdomo upinde. Kama bonge lilikuwa kwenye mshipa mkubwa, kifaa cha saizi yake kilipaswa kuwa kabatini. Walimpiga picha ya mishipa?

Mwanzisha mada: Ya mishipa? Hatukuambiwa. Tulipewa bahasha na barua ya kwenda fiziotherapia.