Picha za Shrinathji: tutajuaje ni saa gani ya ibada iliyochorwa?

Bi_Sanaa aliuliza:
Wanajukwaa, nawasalimu. Katika nyumba za Wagujarati hapa Mombasa nimekuwa nikiona picha ya Krishna, mungu wa Wahindu, akiwa mweusi, mwenye macho yaliyoinama na mkono wa kushoto ulioinuliwa juu, nami nimeelezwa kwamba huyo ni Shrinathji wa Nathdwara, huko Rajasthan. Umbo lake ni lile lile katika kila picha, ilhali mavazi, kilemba na vyombo vilivyopangwa mbele yake hubadilika. Je, hayo ni matakwa ya mchoraji, au kila picha inaonyesha ibada ya saa maalumu?

Mzee_wa_Turubai alijibu:
Bi Sanaa, mchoraji hana uhuru mkubwa hapo. Wafuasi wa Vallabha (1479–1531), mwalimu wa dini ya Kihindu, humhudumia Shrinathji kama mtoto aliye hai, na ndiyo maana hekalu lake huitwa haveli, yaani jumba la kuishi. Mkono ule ulioinuliwa ni wa kuushika mlima Govardhan, ambao Krishna aliubeba ili kuwakinga watu wa kijiji na mvua kali. Milango hufunguliwa mara nane kwa siku ili waumini wamwone, kisha hufungwa. Mangala ni alfajiri, mtoto akiwa ndiyo kwanza ameamka. Katika Shringar huvishwa na kupambwa, akapewa filimbi yake na kuonyeshwa kioo ajitazame. Gwal ni saa ya kutoka na ng'ombe, na Rajbhog ni mlo mkuu wa mchana, ambao baada yake huachwa apumzike. Alasiri huamshwa tena kwa Utthapan, na baada ya hapo hufuata Bhog, ambayo ni ya chakula chepesi, Sandhya ya machweo, na Shayan, ambayo ni ya kulala.

Kwa hiyo uanze kutazama chini ya picha, miguuni pake. Ukiona birika za maji zilizofunikwa kitambaa chekundu, visanduku vya tambuu na mashada mazito ya maua shingoni, kuna uwezekano mkubwa kwamba hiyo ni Rajbhog, ambayo wachoraji wa Nathdwara wanaipenda kwa kuwa ndiyo yenye fahari zaidi.

Fundi_Rangi alijibu:
Nakubaliana na Mzee, lakini naona msimu husomeka kwa urahisi kuliko saa. Picha hizi zilitokana na pichwai, kitambaa cha pamba kilichochorwa ili kitundikwe nyuma ya sanamu, na kitambaa hicho hubadilishwa kulingana na majira na sikukuu. Wakati wa joto kali huchorwa mayungiyungi na maji, ili mtoto apate ubaridi. Masika huja na mawingu mazito na tausi wanaocheza. Ng'ombe waliojipanga kwa safu, wenye alama za viganja mwilini na manyoya ya tausi kichwani, ni wa Gopashtami, sikukuu ya ng'ombe, na kilima cha wali mbele ya sanamu ni Annakut, inayofuata Diwali. Zipo hata pichwai zenye Shrinathji katikati na vipicha 24 pembeni, kila kimoja kikiwa na sikukuu yake.

Bi_Sanaa aliuliza tena:
Nawashukuru. Ninayoitazama sasa ina mwanamume aliyevaa joho jeupe, ameshika taa kando ya sanamu. Je, hiyo ni Sandhya?

Mzee_wa_Turubai alijibu:
Huyo ni kuhani wa ukoo wa Vallabha akizungusha taa ya arati, yaani ibada ya kumzungushia mungu taa, na kwa kuwa arati hufanywa zaidi ya mara moja kwa siku, taa peke yake haitoshi kuthibitisha. Wakati mwingine aliyechorwa ni kiongozi halisi wa hekalu wa zama hizo, na sura yake huweza kukusaidia kukadiria umri wa picha. Utazame kama nyuma yao kuna ng'ombe wanaorudi nyumbani, kwa maana Sandhya ndiyo saa ya mifugo kutoka malishoni. Wasipokuwepo, uhesabu vyombo vya chakula kwanza.