Niko Ubelgiji kwenye mbio za baiskeli, siku za viza zinaisha. Naomba ushauri

Wakuu habari zenu, naombeni mawazo hasa nyie mlioko Ulaya. Mimi ni kijana wa miaka 20 kutoka Arusha, niko Flanders, huku Ubelgiji, na klabu ndogo ya baiskeli. Viza yangu ni ile ya kawaida ya Schengen (ya muda mfupi kwa nchi nyingi za Ulaya), siku 90 ndani ya siku 180, na mpaka leo nimeshatumia 71. Klabu wanataka nibaki hadi mwezi wa tisa ila nikimuuliza meneja kuhusu viza anasema tutaona tu, nimemwandikia mara mbili kimya, usingizi sipati kabisa.

Kinachoniuma ndo kwanza naanza kuzielewa mbio za huku. Upepo ukipiga wa ubavuni kundi linajipanga mshazari barabara nzima, ukichelewa kuingia unabaki ukingoni kwenye majani huna wa kukukinga, dakika mbili umeachwa. Mwezi wa kwanza sikumaliza hata moja, Jumapili nimekuwa wa 34, viganja vimejaa malengelenge sababu ya barabara za mawe. Mwendesha baiskeli Girmay wa Eritrea alishinda mbio za Gent-Wevelgem za huku Ubelgiji 2022, kwa hiyo najua inawezekana.

Sasa kuna aliyewahi kutoka viza fupi kwenda ile ndefu ya D (ya kukaa zaidi ya siku 90) kwa ajili ya michezo, ulilazimika kurudi kuombea nyumbani na ilichukua muda gani? Na karatasi zipi niwadai klabu kabla sijapanda ndege? Sitaki kuzidisha hata siku moja.