Tupeane uzoefu: taka za nyumbani kwako hapa Tanga zinaishia wapi?

Mwanaduga (mwanzisha mada)
Wakuu, habari za jioni. Masika ndiyo hiyo imeingia na mtaro wa mtaani kwetu Duga umeshaziba. Ukiuchungulia ni makopo ya maji, maganda ya machungwa na pampers. Wenyewe twasema Tanga ni waja leo waondoka leo, lakini taka zikija kwetu haziondoki. Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunatoka wote na majembe, tunazoa tope, tunalirundika pembeni ya mtaro uleule. Mvua ya jioni inalirudisha.

Sitaki tutajane wala kumsema mzabuni wa mtu. Kila mmoja aeleze nyumbani kwake anafanyaje: kipi anauza, kipi anafukia, kipi kimemshinda.

Bi Mkubwa wa Makorora
Mie nauza chai na mihogo asubuhi, basi taka zangu nyingi ni za nazi, na nazi kwangu haina cha kutupa. Machicha wanakula kuku. Vifuu naanika juu ya bati, vikikauka ndivyo vya kuwashia mkaa, na kuna mzee mchonga upawa hupita kujichagulia vile vya mviringo mzuri. Makumbi yanaingia jikoni pia, ila moshi wake mtaujua wenyewe.

Maganda ya mihogo namwekea jirani mwenye mbuzi. Lakini wanangu, yaanikeni kwanza yakauke kabisa. Ganda bichi, hasa la muhogo mchungu, lina sumu, mbuzi anaweza kukufia mkononi.

KangeBoy
Mimi nilikuwa natenganisha, viroba viwili, kimoja cha vyakula kimoja cha vikavu. Gari likaja, jamaa akavibeba vyote akavimwaga sehemu moja mbele ya macho yangu. Sasa natenganisha ili iweje? Kiroba kimoja tu siku hizi, maisha yaendelee.

Yadi Mabawa
Kaka Kange, kilichokwisha kuuzwa hakifiki kwenye gari. Mimi nanunua chakavu, ngoja niseme tunavyotaka mzigo, maana watu wengi wanakuja wanarudi wamenuna.

Chupa za maji na soda geuza kitako, utaona pembetatu yenye namba 1 ndani. Hizo zinakwenda peke yake. Madumu na galoni mara nyingi ni namba 2, viti na mabeseni mengi ni 5. Hizo ndizo tunaita plastiki ngumu. Ukichanganya, nitakulipa bei ya ile ya chini, na si roho mbaya, ni kwamba haziyeyuki pamoja. Mwenye wasiwasi akate kipande cha chupa na kipande cha kifuniko atumbukize kwenye ndoo ya maji. Chupa itazama, kifuniko kitaelea. Ndiyo maana nawaambia ng'oeni vifuniko, wekeni mfuko wake.

Halafu mwageni maji. Kuna watu wanaacha maji ndani makusudi ili mzani ushuke. Tunajua. Chupa ifungue, ikanyage iwe bapa, kiroba kitabeba mara tatu yake. Makopo ya aluminiamu ya soda ndiyo yana bei nzuri kwa kilo, ila kilo ya makopo ni mengi, uwe na subira. Karatasi na maboksi yakilowa sichukui.

KangeBoy
Sawa mkuu, hapo umenipata. Na chupa za vioo?

Yadi Mabawa
Za soda na bia rudisha dukani kwenye kreti. Nyingine mimi sina mteja wake, ni nzito na ukivunja zinakata vijana.

Ummu Salma
Za vioo nipeni mimi jamani, mitungi ya jamu hasa. Natengeneza achari ya embe na ndimu, kifuniko kikiwa kizima tu. Iliyopasuka naifunga kwa gazeti na gundi kabla ya kutupa, wale vijana wa guta wanashika kiroba kwa mikono mitupu.

Mvuvi wa Sahare
Huku kwetu habari ni nyingine. Rambo, ile mifuko ya plastiki, zilipigwa marufuku Juni 1, 2019, nakumbuka watu walivyohangaika na vikapu sokoni Mgandini. Na leo bado wavu unapandisha rambo, laini kama kamasi, zimeota majani. Ukitupa mtaroni Ngamiani usidhani imepotea. Inakuja kwangu. Kusi likivuma taka zinasogezwa ufukweni, watu wanasema bahari chafu, kumbe bahari inarudisha amana.

Mstaafu Majani Mapana
Wanangu, nusu na zaidi ya kiroba chenu ni vitu vya kuoza. Hivyo ndivyo vinavyonuka, ndivyo vinavyoleta inzi na vinavyofanya kiroba kiwe kizito. Vitoeni, kilichobaki kinaweza kukaa wiki nzima bila harufu mkilingojea hilo gari.

Mimi nina shimo la mboji nyuma ya nyumba, limefunikwa kwa turubai mvua isiingie. Naweka maganda ya matunda na mboga, juu yake majani makavu niliyofagia, tena maganda, tena majani. Kikavu kizidi kibichi. Baada ya muda nageuza kwa uma. Ukiingiza mkono katikati kunachoma, hapo jua kazi inaendelea. Likinuka kama yai viza, ujue maji yamezidi na hewa haipiti: ongeza makavu, geuza. Ukikamua konzi ya mboji kwenye kiganja litoke tone au mawili, si zaidi.

Vichwa vya samaki, mifupa na mchuzi sitii, maana paka na panya hawatakuacha ulale. Mchicha wangu majirani wanaujua.

Dada wa Mikanjuni
Babu shikamoo. Sisi wapangaji wa uani tusio na hata pa kuanika nguo tufanyeje?

Mstaafu Majani Mapana
Marahaba mama. Ndoo kuukuu ya lita 20, toboa matundu chini na ubavuni, weka juu ya matofali mawili. Kanuni ni ileile. Msiwe na shaba ya kumwomba mwenye nyumba hiyo nafasi ya ndoo.

Mwanaduga
Babu simu imekuandikia "shaba", nadhani ni haya 😂

Nesi_TA
Naomba nisemee wanaochoma. Jirani yangu kila magharibi anawasha moto wa plastiki, nina mtoto mwenye pumu. Kuna vijana wanachoma nyaya wapate shaba (hii ndiyo shaba, babu), lile ganda ni plastiki ya PVC na moshi wake una sumu ya dioksini. Mwenyekiti wa mtaa nimeshamwona, ninamngojea.

Pampers sina jibu. Kinyesi mwaga chooni kwanza, kisha ifunge, iende na gari. Kwa mchana nyumbani nimerudi kwenye nepi za nguo.

Fundi Umeme Chumbageni
Mmesahau taa. Zile taa nyeupe za mrija na za mviringo uliosokotwa zina sumu ya zebaki ndani. Ikipasuka fungua madirisha, watoto watoke, mkae nje kama dakika kumi. Usifagie, ufagio unaisambaza. Kusanya kwa kadi ngumu, pitisha gundi ya karatasi pale penye vumbi, tia vyote kwenye chupa yenye kifuniko. Nzima zilizoungua wateja wangu huniletea, nina boksi limejaa dukani. Naulizia hapa hapa: nani anajua pa kuzipeleka? Na betri za tochi pia.

Ummu Salma
Kwa taa hizo, mitungi yangu usiiombe, fundi.