Je, ridhaa iliyolelewa na mila ni ridhaa huru?

Mwuliza, Bungoma

Ndugu zangu, mwaka 2017 Dkt. Tatu Kamau aliiomba Mahakama Kuu ya Kenya ibatilishe Sheria ya Kupiga Marufuku Ukeketaji ya mwaka 2011. Hakuwa akitetea kukeketwa kwa watoto. Hoja yake ilikuwa kwamba mwanamke mtu mzima, anayeruhusiwa kuvuta sigara na kujiunga na jeshi, hawezi kunyimwa uamuzi juu ya mwili wake. Tarehe 17 Machi 2021 majaji watatu walilikataa ombi hilo. Mimi napinga ukeketaji na niliifurahia hukumu, lakini swali limenibaki. Mimi ni Mbukusu. Nilipokuwa na miaka 14 niliomba mwenyewe kutahiriwa, nikazunguka na njuga mikononi kuwaalika jamaa, na mjomba akanichinjia ng'ombe. Hakuna aliyenilazimisha. Je, niliamua mimi, au mila iliamua ikatumia kinywa changu? Na kama tunasema kwamba ridhaa ya mwanamke wa miaka 30 haina uzito kwa sababu mila ndiyo iliyomlea, ni nani kati yetu aliyewahi kuamua jambo lolote?

Mwanasheria, Nakuru

Ndugu, sheria haikusema kwamba mwanamke hana akili ya kuamua. Kifungu cha 19 kinamlenga anayemkeketa mwenzake, na kinamwambia kwamba ridhaa ya aliyekeketwa haitakuwa utetezi wake. Ningependa usome pia kifungu cha 25, ambacho hutajwa kwa nadra: anayemdhihaki mwanamke kwa kutokeketwa, au mwanamume kwa kumwoa mwanamke huyo, anakabiliwa na kifungo kisichopungua miezi 6, au faini isiyopungua shilingi 50,000, au vyote viwili. Bunge lililoifanya dhihaka kuwa kosa lilikuwa limeelewa shuruti inakaa wapi. Ibara ya 44(3) ya Katiba inakataza mtu kumshurutisha mwingine kufuata mila, lakini shuruti ya namna hii haina mshtakiwa mmoja unayeweza kumsimamisha kizimbani, kwa kuwa imegawanywa kwa mashangazi, wakwe, marika na majirani, kila mmoja akibeba kipande kidogo.

Mkunga mstaafu, Kisii

Aliwahi kunijia mama kijana, siku chache baada ya kujifungua mtoto wa kwanza, akaniomba nimkekete kimyakimya. Mama mkwe wake alikuwa ameketi nje akisubiri. Nilimuuliza itakuwaje akirudi alivyo. Akanijibu bila kusita kwamba hataruhusiwa kuwaandalia wazee chakula, kwamba wadogo zake wataendelea kumwita mtoto, na kwamba mumewe ameshaanza kuchoshwa na maneno ya nyumbani. Nilikataa. Baadaye nikasikia kwamba alipata mtu mwingine aliyekubali kwa malipo.

Nawaombeni msimwite mama yule mjinga, wala msiseme kwamba alikuwa usingizini. Alipiga hesabu yake vizuri kuliko mimi niliyekuwa na mshahara na nyumba yangu. Alichokitaka ni amani katika mji ule, na wembe ulikuwa ndio kiingilio. Kwa hiyo mimi siulizi tena kama mtu amekubali; nauliza angekataa, angepoteza nini.

Mwalimu wa historia, Kisumu

Mama ameligusa penyewe. Katika utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa mwaka 2014, takriban asilimia 84 ya wanawake wa Kisii wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa, ilhali kwa Waluo, majirani zao, idadi haikufika asilimia 1. Siamini kwamba dhamiri za wanawake hubadilika kiasi hicho kwa kuvuka mpaka wa shamba. Hata hivyo mila si ukuta: kitaifa, kiwango kilishuka kutoka asilimia 38 mwaka 1998 hadi 15 mwaka 2022.

Huko Senegal, wanawake wa kijiji cha Malicounda Bambara walitangaza kuacha ukeketaji mwaka 1997. Imamu Demba Diawara aliona kwamba kijiji kimoja hakiwezi kuacha peke yake, kwa kuwa mabinti huolewa kwingine, basi akatembea kwa miguu kuzungumza na vijiji vya jamaa zake, na mwaka uliofuata vijiji 13 vikatangaza kwa pamoja. Kila mwanamke wa vijiji hivyo alikuwa na dhamiri tangu zamani. Kilichobadilika ni kwamba kukataa hakukumgharimu tena ndoa.

Mwuliza, Bungoma

Nashukuru, na hasa mama wa Kisii. Nimelirudisha swali lake kwangu, na jibu halikuchukua muda: ningekataa, ningeitwa omusinde, yaani asiyetahiriwa, hadi mvi, na nisingepewa nafasi ya kusema mbele ya wanaume wenzangu. Nililijua hilo nikiwa na miaka 14, ingawa hakuna aliyenitamkia. Bado naiheshimu tohara ile na sijutii, lakini siwezi tena kusema kwamba niliichagua kama ninavyochagua shati.

Mwanangu ana miaka 12, na msimu wetu huja Agosti ya kila mwaka wa shufwa. Bado hajaomba njuga. Nimekubaliana na mama yake kwamba hatutamuuliza mbele ya wajomba.