Nimemaliza Breaking Bad, naombeni ushauri niangalie nini

Wakuu, habari zenu. Tangu nimalize tamthilia ya Breaking Bad, misimu yote 5, kila ninachofungua nakiona hakina chumvi. Yule mwalimu mpole wa kemia, kufikia kumtazama Jane, mpenzi wa mshirika wake, akipaliwa na matapishi yake bila hata kumgeuza! Bado iko kichwani.

Game of Thrones iliniudhi. Msimu wa 8, mwaka 2019, vipindi 6 tu, mambo yanakimbizwa kama daladala ya jioni. Prison Break nayo kwangu ingeishia walipotoroka gereza la Fox River (mashabiki mtanisamehe).

Napenda hadithi ya taratibu, yenye mwisho unaoeleweka. Nianze The Wire au Better Call Saul? Bando linatosha moja tu kwa sasa.